Ngumi ya Mjomba Osewe

Kila mapumziko, Amondi aliketi kwenye ngazi ya darasa na kula andazi lake polepole. Mtu anayekula peke yake akimaliza upesi hana kingine cha kufanya.

Walikuwa wamehama Kawangware ili mama yake awe karibu na kibanda chake cha mitumba katika Soko la Toi. Marafiki wote walibaki kule. Huku mtaa wa Laini Saba, akitoka shuleni, alizungumza na sufuria ya ugali mpaka mama arudi. Sufuria husikiliza vizuri sana. Shida yake ni kwamba haicheki.

Siku moja Whitney na Morris wa darasa lake walikuwa wakibishana karibu naye kuhusu bondia mwenye ngumi nzito kuliko wote duniani.

"Ni Tyson!" alisema Whitney. "Alikuwa bingwa akiwa na miaka ishirini tu."

"Wacha zako! Foreman alimwangusha Frazier mara sita kwa raundi mbili. Frazier akiamka, analazwa tena kama mtoto aliyekataa kulala!"

Hakuna aliyemuuliza Amondi, lakini mdomo wake ulishafunguka. "Hao wote hawamfikii mjomba wangu Osewe wa Kawangware. Akikugonga moja, unaamkia hospitali. Na mimi amenifunza."

Kwa kweli mjomba Osewe ni fundi wa vitanda. Kitu pekee alichowahi kupiga ni misumari, na mingine ilimshinda.

Lakini Whitney na Morris walisogea. Walikaa naye, wakamuuliza maswali, na Amondi akampigisha mjomba mapambano mapya kila siku. Andazi likawa linaisha bila yeye kujua.

"Sasa Jumamosi twende kwa kocha Khaemba," Whitney alisema mwishowe. "Utuonyeshe hiyo ngumi."

Kocha Khaemba alifunza watoto ndondi katika ukumbi wa mabati kando ya reli. Amondi alisimama mbele ya gunia la mazoezi lililojazwa matambara. Akakunja ngumi, kidole gumba kikiwa ndani kama kifaranga chini ya kuku. Akapiga kwa nguvu zake zote.

Gunia halikutikisika. Aliyetikisika ni Amondi.

"Gumba ndani?" Morris alishangaa. "Hata mtoto wa nasari hapa anajua linakaa nje!"

"Hiyo ndiyo staili yetu ya Kawangware," Amondi alisema, machozi yakimtoka.

Kocha alimketisha kwenye benchi, akakifunga kile kidole kwa kitambaa cha maji baridi. "Huyo mjomba ambaye wenzako wamenisimulia anafanya kazi gani, mama?" alimuuliza Amondi kwa sauti ya chini.

"Anatengeneza vitanda."

"Basi ngumi zote hizo za nini?"

"Kocha, walikuwa wanaongea na mimi."

Kocha hakucheka. "Waambie wewe mwenyewe, kabla hawajaambiwa na mwingine."

Amondi akawaambia. Morris alipiga mluzi. Whitney alichukua sweta yake. "Kumbe siku zote ulikuwa unatufanya wajinga," alisema, akaenda bila kugeuka. Amondi alirudi nyumbani peke yake akifuata reli, na jioni hiyo hata sufuria hakuisemesha.

Jumatatu alirudi kwenye ngazi yake, kidole kimevimba. Alikuwa amefika nusu ya andazi kivuli kilipomwangukia.

"We, wa vitanda," Whitney alisema. "Foreman ama Tyson? Na usituletee mjomba."

Amondi alifikiri. Uongo mtamu ulimjia mdomoni, akaumeza pamoja na andazi. "Sijui. Sijawahi kuwaona wakipigana."

"Hujawahi? Morris, kuja! Huyu hajui kitu!" Whitney alikaa chini kabla ya kualikwa. "Sogea nikueleze."

Jumamosi iliyofuata walimpelekea kocha ubishi wao aumalize.

"Hata mimi sijui nani zaidi," kocha alisema. "Ninachojua ni kwamba ngumi nzito haianzii mkononi. Inaanzia miguuni, kwa mtu aliyekanyaga ardhi vizuri. Na uongo, watoto wangu, ni utelezi. Ukisimama juu yake, huhitaji mpinzani wa kukuangusha."

Kisha akamgeukia Amondi. "Haya, mama. Gumba nje. Miguu kwanza."