Mganga wa Kwenye Filamu Aliponitaja Mchawi

"Huyu hapa! Ndiye anayewamaliza watoto wenu!"

Usinga umeninyookea usoni. Mchana kweupe, kijiji kizima kimejaa uani kwangu, na mapanga mikononi.

Jamani... nikamtazama vizuri huyo mganga.

Ni Bujiku! Bujiku mwigizaji mwenzangu!

Ngoja niwaeleze mnielewe. Mimi naitwa Minza, wa Itilima. Nilianza kuigiza jukwaani, minadani, kwenye maigizo ya chanjo na ya Pasaka. Baadaye tukacheza filamu Bariadi mjini. Mimi mchawi, Bujiku mganga anayenikamata. Filamu ikasambaa kwenye simu, watu wakaanza kumpelekea Bujiku wagonjwa. Eti awatibu! Na yeye, njaa mbaya, akafungua kilinge cha uganga kweli.

Basi surua ikapita kijijini, watoto wawili wakafa. Wanakijiji wakamwita Bujiku aje amtaje mchawi. Angemtaja nani? Akamtaja yule waliyekwisha kumwona kwenye simu.

"Bujiku, waambie ile ni filamu!"

"Mnaona? Mchawi ananijua mpaka jina!"

Nikamgeukia mume wangu. "Mayige, baba Flora, sema neno!"

Akainamisha kichwa. "Mama Flora... mimi mwenyewe niliona unapaa."

"Uliona wapi wewe?! Si kwenye simu yako!"

Panga likainuliwa. Nikajua leo kipaji changu kinanizika.

Nikajitupa chini. Nikageuza macho, nikatoa ile sauti ya kwenye filamu:

"Atakayenigusa, jua halizami akiwa hai!"

Wee! Walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Na aliyetangulia mbio ni Bujiku... huyo huyo aliyeshinda kutwa nzima akinisikiliza nikiukariri mstari huo!

Uani pakabaki patupu. Nikamwona Flora wangu, miaka sita, kajibanza nyuma ya ghala.

"Njoo mwanangu, yameisha."

"Usinile, mayu! Mama, usinile!"

Akatimka kumfuata baba yake.

Leo nawaandikia nikiwa chumba cha kupanga, Bariadi. Mwenye filamu kanipigia, ananisifu nilivyowatimua, anataka sehemu ya pili. Sifa za nini jamani? Mwanangu akisikia sauti yangu kwenye simu anaitupa.

Ndugu zangu, mganga akikutajia mchawi, muulize kwanza jana alikuwa anafanya kazi gani. Sisi kwenye filamu tulijipaka rangi nyekundu ionekane damu. Huku kwetu bibi zetu wanakatwa mapanga kweli.