Usicheke Bosko Akikuparamia

Kanzu ya Hashiru ilikuwa nyeupe hadi inaumiza macho. Ilikuwa Ijumaa, na pale kituoni Kwa Mathias mabasi yalipiga honi, wauza maji walikimbilia madirisha, kila mtu na haraka zake. Hamisa alikuwa anatoka duka la dawa za mifugo, kavaa dera la zambarau na mtandio wa njano, mkononi kashika kamba ya katani. Mwisho wa kamba ni Bosko, mbwa wake wa kulinda kuku. Bosko akamwona Hashiru, akampenda. Akaruka, miguu ya mbele ikatua kifuani, ulimi ukapita kwenye kanzu toka shingoni hadi mfukoni.

"Bosko! Shuka baba, shuka mpenzi wangu!" Hamisa akambembeleza huku anacheka kwa aibu. Akatoa dagaa kwenye pochi, akampa ili ashuke.

Hashiru hakufoka. "Dada, hapo umemlipa mshahara wa kunichafua."

"Samahani kaka yangu, nitakufulia."

"Mara saba, na moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa mate ya mbwa? Utaweza?"

"Hata kumi, mradi usinune hivyo."

"Sijanuna. Hii ndiyo sura tuliyokuja nayo toka Bukoba." Akatabasamu. "Kufundisha mbwa ndiyo kazi yangu. Ila leo sikuvaa za kazini."

Ndivyo walivyojuana. Jioni Hashiru alianza kupita kwa Hamisa, Misugusugu, nyuma ya banda la kuku ambalo binti huyo alilijenga kwa jasho lake. Kila asubuhi trei za mayai zilitoka pale kwa bodaboda, na Hamisa akisimama getini mikono kiunoni, mtaa mzima ulijua ni mali ya nani.

"Akikaa ulivyomwambia, msifu palepale na kipande cha ini," Hashiru alimwelekeza. "Akiruka, vuta kamba mara moja, kwa mkato, sema 'Hapana'. Usimpige, usimhutubie. Akishusha miguu tu, msifu tena."

"Si nimpe ini tu, yaishe?"

"Ukimpa ini tu, atakupanda kichwani. Ukimkaripia tu, atakuwa mwoga, na mbwa mwoga anang'ata ovyo. Vyote viwili viende pamoja."

"Na nikicheka?"

"Ukicheka akikuparamia, anajua umependa. Kesho atakuparamia zaidi."

Bosko akaelewa. Mgeni akibisha hodi, anabweka, akiambiwa "Kaa" anakaa, kifua mbele kama askari wa gwaride. Na hao wawili nao wakaelewana. Simu haikupoa.

"Umekula, laazizi?" Hamisa akauliza.

"Sijala, nakuwaza."

"Niwaze na sahani mkononi basi, usije ukakonda nikaambiwa nimekuloga."

Lakini wenye mabinti, sogeeni hapa, msome polepole. Hashiru alikuwa na ulimi. Mbwa alisifiwa kutwa, "Safi Bosko, safi sana!" Hamisa aliishia kutaniwa tu, tena mbele za watu. Na Hamisa, kwa kuogopa kuitwa mwenye gubu, akawa anacheka.

Siku Hashiru alipokwenda Kisarawe kujulishwa kwa mama mzazi, Bi Mwanamvua, Hamisa alivaa gauni la kitenge lenye mikono ya kupuliza, akajipaka hina, akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Majirani wakajaa ukumbini.

"Mama," Hashiru akasema, mdomo umejaa, "mwanao huyu nazi kauonyesha wali tu, hakuitia!"

Watu wakacheka. Hamisa akacheka kuliko wote.

"Na anavyotembea na sinia! Bata kashiba!"

Hamisa akacheka tena, akaenda jikoni. Mama yake akamkuta kaketi juu ya mbuzi ya nazi, machozi yanamtoka.

"Unalia nini?"

"Moshi, mama."

"Jiko la gesi lina moshi?" Bi Mwanamvua akafunga mlango. "Hamisa, posa ipo njiani. Mtu hajui kama anakuumiza, maana wewe unamwonyesha meno. Utamwonyesha meno mpaka lini? Mpaka uwe na wajukuu?"

Aliporudi Misugusugu, Hamisa hakupokea simu ya Hashiru. Ikaita ikachoka. Siku ya pili akapokea.

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Bosko anaambiwa 'safi' kutwa. Mimi toka tujuane umenisifu nini?"

"Si nilikuwa nakutania! Na wewe ulicheka kuliko wote!"

Hamisa akageuka. Akamtazama Bosko aliyelala mbele ya banda, kichwa juu ya miguu. Kumbe kila alipocheka, alikuwa anatoa dagaa.

"Kweli nilicheka," akasema. "Hapo nilikosea. Sicheki tena."

"Tumeachana?"

"Sijasema hivyo. Ukitaka kuja kwetu na posa, njoo. Ukiwa na neno la kunikosoa, niambie tukiwa wawili. Mbele za watu nisitiri."

Jumapili Hashiru akafika Kisarawe na mshenga wake, Mzee Adamu. Mjomba wa binti, Mzee Shomari, akawapokea. Hamisa akaingia na chai, na Hashiru, mazoea yana tabu, akaanza, "Wazee, chai ya Hamisa hii, mjiandae kwa..."

Hamisa hakucheka. Akatua sinia. "Hashiru," akasema kwa sauti ya chini, mara moja tu.

Mzee Adamu akatazama viatu mlangoni, kama mtu anayepima safari ya kurudi. Hashiru akajiweka sawa kitini.

"Nisameheni. Naanza upya. Wazee, binti huyu kajenga banda lake mwenyewe. Mbwa aliyekuwa anaramba kila mtu, leo majirani wanalala kwa raha kwa ajili yake, na kamfundisha yeye. Mimi nilielekeza tu. Najivunia Hamisa, na sijawahi kumwambia."

"Ahsante, Hashiru," Hamisa akamjibu palepale. "Hapo umesema vizuri."

Mzee Shomari akakohoa, akarekebisha kofia. "Haya, binti. Kwa mila zetu, mwari akiulizwa akinyamaza, tunajua kakubali. Unasemaje?"

"Sinyamazi, mjomba. Nimekubali."

Kigelegele cha Bi Mwanamvua kiliwatoa majirani ndani. Wakaja wanauliza kuna nini. Akawapokea mlangoni, kidevu juu, khanga imemteleza begani na hana habari nayo.

"Hamisa anaolewa," akawaambia. "Na kasema mwenyewe."