Zamu ya Mzee Griffins

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, hapa hapa Woolwich, London, mchana kweupe. Nasema mchana kweupe kwa sababu watu wakisikia habari za namna hii huuliza kwanza ilikuwa usiku wa manane gani, kana kwamba ubaya unaona haya kutembea juani.

Dada yangu Ummukulthum alifanya kazi ya kulea wazee majumbani. Mwaka jana kampuni yake ilimpangia Mzee Griffins, Mwingereza mgane wa miaka themanini na kitu, aliyekaa peke yake ghorofa ya nane katika jengo lililo nyuma ya soko. Binti yake, Lorraine, aliishi nje ya mji na alikuwa akija kumwona Jumapili, na maua mkononi na haraka miguuni. Yaliyobaki yote yalikuwa ya dada: kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia na kumsikiliza.

Kumsikiliza ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mzee alizaliwa kaskazini, katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Mgodi, alimochimba hata yeye, ulifungwa zamani, naye akaja London na mke na binti kutafuta kibarua, lakini roho yake haikupanda treni. Kila siku alirudi kule. Alimsimulia dada habari za njiwa wa baba yake, za beni iliyopita mitaani siku za sherehe ikipuliza matarumbeta, za karai kubwa la bati mbele ya moto ambamo baba yake aliogeshwa akitoka zamu, mweusi mpaka masikioni. Alimwambia kuwa kule milango haikufungwa, jirani alikuwa ndugu, na mtoto wa mmoja alikuwa wa wote. Akifika hapo kifua kilimbana, akakohoa kikohozi kirefu cha vumbi, kisha akafuta macho.

Na dada naye akafuta yake. Sisi tumekulia Wete, Pemba, katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wazi kutwa. Basi wakawa wawili, kila mmoja akililia kijiji chake, na supu inapoa. Mimi nilimwambia mapema: mtu anayesifia mahali alipopakimbia, msikilize kwa sikio moja. Akaniambia nina roho ngumu. Ninayo, na ningali ninayo.

Jumanne moja mwana wa pekee wa dada, Asad, alipita kwa mzee. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, anauza simu dukani pale barabarani, na alikuja kumletea mama yake chakula alichokisahau nyumbani. Alipoona televisheni ya mzee inakoroma akapiga magoti nyuma yake kuitengeneza. Dada yuko jikoni, anakoroga. Ilikuwa saa nane mchana.

Pakagongwa. Ko, ko, ko.

Dada hakugeuka hata shingo. Aliitika kama tulivyofunzwa na mama, ambaye alitufinya masikio tukithubutu kumwuliza mgeni "nani?" kabla ya kumkaribisha.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani, tupo."

Akaenda kufungua mlango. Ujia wa nje ulikuwa mtupu, lifti imesimama. Aliporudi sebuleni alimkuta mzee amelikamata blanketi kwa mikono miwili, analitazama dirisha. Nje ya kioo hapakuwa na kitu ila anga ya kijivu na, chini kabisa, mapaa ya vibanda vya soko.

"Umemwambia nini?" mzee akanong'ona.

Dada akamweleza kwa Kiingereza maana ya karibu, huku anacheka. Mzee hakucheka. Alimtazama Asad mgongo, akamtazama kwa muda, halafu akaomba supu yake.

Siku ya pili Asad alilala dukani akiwa amesimama, simu ya mteja mkononi. Ilikuwa saa nane. Siku ya tatu vivyo hivyo. Hapakuwa na aliyeweza kumwamsha. Alilala mpaka jioni, kisha akafumbua macho mwenyewe, midomo mikavu, mabega yanamwuma. Haukupita muda wakamwachisha kazi. Dada akadhani ni michezo ya kwenye simu usiku kucha. Mimi, Mungu anisamehe, nilidhani ni bangi.

Kisha kope zake zikaingia weusi. Mstari mwembamba, juu na chini, hautoki kwa sabuni.

"Wewe mtoto wa kiume," dada alimtania, "siku hizi wapaka wanja?"

"I'm just tired, Mum," alijibu, yaani amechoka tu. Watoto wetu wa hapa ndivyo walivyo: Kiswahili kinaingia, kinatoka Kiingereza. Lakini asubuhi ile dada aliingia bafuni baada yake, akakuta beseni la kuogea lina duara jeusi. Akalisugua. Kesho yake likarudi.

Asad akaanza kukohoa. Nilikijua kikohozi kile, maana niliwahi kumfuata dada kazini nikakisikia kwa mzee. Tukampeleka hospitali akapigwa picha ya kifua. Daktari, binti wa Kihindi mpole aitwaye Bhavini, aliitazama picha, akamtazama kijana, akatoka, akarudi na daktari mwingine mkubwa kuliko yeye. Wakatuambia hayo ni mapafu ya mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi maisha yake yote. Wakatuuliza kijana alianza lini.

"Alianza nini?" dada akauliza.

Madaktari walipotoka, na dada nyuma yao, Asad alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na sugu. Aliniambia polepole, kwa Kiingereza chake, kwamba akilala huteremshwa. Kuna kizimba cha chuma kinachoshuka bila taa, na ndani yake wanaume waliobanana, hawasemi. Chini kuna maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Anachimba akiwa amelala ubavu. Nikamwambia ni homa.

"Wananiita Griffins, Mjomba," akasema. Hilo alilisema kwa Kiswahili.

Sikumwambia dada. Nilikwenda moja kwa moja kule ghorofa ya nane. Nilimkuta mzee amekaa wima kitini, mashavu yamerudi, anakula biskuti. Nilikaa nusu saa nzima. Hakukohoa hata mara moja.

Nilimwuliza nani aligonga siku ile. Hakunificha, nadhani alikuwa na hamu ya kusimulia, kama kawaida yake. Kijijini kwao, alisema, palikuwa na mtu wa kuamshia zamu. Alipita nyumba kwa nyumba na ufito mrefu, anagonga madirisha ya juu. Hakuondoka mpaka aitikiwe. Na nyumba ikishaitika imetoa ahadi: lazima mwanamume atoke. Mzee wa nyumba akiwa mgonjwa, anatoka kijana wa yule aliyeitika. Mgongaji wao alikufa mgodini pamoja na zamu nzima, siku ambayo Griffins alikuwa kitandani na homa. Tangu mkewe alipofariki, kila siku saa nane, ufito unafika dirishani kwake. Unamtaka yeye. Zamu ni yake.

"Nimekaa kimya," alisema. "Ukikaa kimya huchoka, akaenda zake. Hurudi kesho."

"Na dada yangu? Mbona hukumwonya?"

"Walezi wote niliokuwa nao waliuliza ni nani," akasema. "Mgongaji hajibu swali. Dada yako peke yake ndiye aliyemkaribisha."

Nikamwuliza njia ya kumtoa kijana. Akatazama biskuti yake. Njia iko moja, akasema: mwenye zamu akiitika mwenyewe, aliye chini anapandishwa.

Nilipiga magoti. Mimi, ambaye sijampigia magoti mwanadamu. Nilimshika miguu yule mzee niliyemdharau, nikamwomba. Nilimwambia Asad ni mtoto wa pekee. Nilimwambia amekula miaka yake yote na mwenzake hata mke hajaoa. Nilimkumbusha njiwa, beni, milango isiyofungwa, mtoto wa mmoja ni wa wote. Si ndiko unakolilia kila siku? nikamwambia. Wamekuja kukuchukua. Nenda nyumbani.

Alilia. Machozi ya kweli kabisa. Akatikisa kichwa kukubali, akauweka mkono juu ya ukuta. Akaniambia nyumba huitika kwa kugonga ukuta mara moja, au kwa sauti. Tukangoja.

Saa nane ikafika.

Ko. Ko. Ko.

Nililiona dirisha. Pazia lilikuwa wazi. Kioo kilitikisika na hapakuwa na kitu.

"Itika," nikanong'ona.

Mkono wake uko ukutani. Haugongi.

Ko. Ko. Ko.

Niliitika mimi. Nilisema karibu. Nikasema tena, nikasema nichukue mimi. Hakuna kilichobadilika. Kule chini wana mtu tayari; wanayemdai ni mmoja tu, naye alikuwa mbele yangu anapumua vizuri.

"Itika, mzee wangu."

Alifungua mdomo. Nikaona ulimi wake unanyanyuka. Kisha akaufunga. Akauteremsha mkono kutoka ukutani, akauweka mapajani juu ya ule mwingine.

Kioo kikatulia.

"Kule palikuwa pabaya sana, mwanangu," akasema. "Hujui palivyokuwa pabaya."

Hilo ndilo neno la kweli pekee nililowahi kumsikia akisema juu ya kijiji chake. Simu yangu ikalia wakati ule ule. Ni dada. Nilisikia pumzi zake tu, nikajua.

Mimi ni mmoja wa wanaoosha maiti msikitini kwetu. Nimeosha wazee, nimeosha watoto, na sikuwahi kumwachia mwenzangu kazi kwa sababu ya moyo. Nilimwosha mwana wa dada yangu pamoja na kijana wa Kizanzibari aitwaye Zein. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Tukaosha tena. Ya tatu meusi. Tukaongeza, tukaongeza, tukatia majani ya mkunazi na kafuri, na maji yanayoteremka mferejini yakawa yale yale. Tulipomlaza ubavu, Zein akarudi nyuma. Mabegani na mgongoni Asad alikuwa na makovu ya rangi ya buluu, mengi, yaliyopona zamani, kana kwamba vumbi limeingia kwenye vidonda na ngozi ikafunga juu yake. Mama yake aliyemzaa hakuwahi kuyaona. Imamu akasema mvikeni sanda, Mungu anajua, nasi tukamvika. Vidole vyetu viliacha alama juu ya nguo nyeupe.

Mzee Griffins yu hai. Kampuni imempa mlezi mwingine, Daisy, na nasikia anamsimulia habari za njiwa. Nilitaka kumwonya yule mama, nikawaza ataniona mwendawazimu. Kwa hiyo nilimwambia tu kwamba pale watu wakigonga, aulize ni nani. Dada yangu ameacha kazi. Mlango wake unafungwa kwa makomeo mawili na akigongewa haitiki. Ukitaka kumwona, mpigie simu kwanza. Yule mwanamke aliyekuwa akikaribisha hata upepo.

Mwezi baada ya mazishi alinipigia yeye. Nikaenda. Mbele ya mlango wake, kwenye ujia wa ghorofa ya tatu, palikuwa na rundo la makaa ya mawe, limemwagwa kizingitini mpaka huwezi kupita. Yalikuwa yamelowa. Majirani hawakuona gari wala mtu. Lifti ilikuwa safi, ngazi safi.

Sikuwa na wa kumwuliza ila Lorraine. Nilimpigia simu, nikamwuliza kama makaa kumwagwa mlangoni kuna maana yoyote kwao. Akacheka kidogo, kwa utamu wa mtu aliyekumbushwa utoto wake. Alisema alikuwa amesahau kabisa. Kila mwezi lori lilipita kijijini na kumwaga mgawo mbele ya nyumba, nao watoto walibeba kwa ndoo. Kila nyumba yenye mtu mgodini ilipewa.

Nikamwuliza, na mtu huyo akifa?

"Akifa hawaleti tena," alisema. "Ni kwa wale ambao bado wako kazini."

Sikumwambia dada jibu hilo. Wala yeye hakuniuliza. Alikuwa amechuchumaa ujiani, anayaokota moja moja kwa mikono na kuyaingiza chumbani kwa mwanawe, na kila alilolishika alilifuta kwa ukingo wa kanga. Leo asubuhi limemwagwa rundo jingine.