Uso Uliochorwa Kupita Kiasi

Foleni ya kuingia mahakamani Mbarara, Uganda, asubuhi ile ilikuwa imejikunja mpaka kwa wauza chapati, na aliyeizuia ni Chantal, aliyekuwa mbele kabisa akibishana na askari juu ya wembe.

"Nyabo, hii hapana ingia," askari alisema, ameushika kwa vidole viwili. "Hapa ni korti. Wembe ya nini?"

"Ya kuchonga penseli, afande. Miye niko muchoraji wa gazeti. Leo njo siku yangu ya kwanza."

"Gazeti wanaleta kamera. Wewe kamera iko wapi?"

"Hakimu amekataza kamera. Njo maana bananituma miye!"

Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Chantal alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale mapema, amevaa kitenge chake cha njano chenye ndege wa buluu na viatu vya kuazima vilivyombana vidole, na sasa aliona aibu inampanda shingoni. Hapo mwanamume mmoja akasogea kutoka nyuma yake.

"Afande, baki na wembe wako. Yeye atatumia hiki."

Akatoa mfukoni kichongeo chekundu cha plastiki, vile vya watoto wa shule. Koti lake la kahawia lilimzidi mikono, kifungo cha pili hakipo, lakini tai ilikuwa imenyooka.

"Asante sana, papa," Chantal alisema.

"Papa? Mimi nina miaka thelathini na moja tu."

"Basi asante, kaka."

"Hiyo nayo sijaipenda," akasema yule bwana, akapita zake ndani huku akitabasamu.

Chantal alibaki na kichongeo mkononi, asijue kama ametaniwa au amekaripiwa.

Kazi ya kuchora mahakamani hakuisomea popote. Kule Nakivale alikuwa mchoraji wa mabango ya saluni: vichwa vya wanawake wenye misuko, kila kichwa na uso wake. Gatete, mhariri wa gazeti moja dogo la kila Ijumaa, alipita akaviona vichwa hivyo, akauliza vimechorwa na nani. Mwezi mmoja baadaye hakimu akapiga marufuku kamera katika kesi ya Rugamba, na Gatete akamkumbuka binti wa saluni.

Kesi yenyewe mji mzima uliifuata. Rugamba, Mrundi wa makamo, alikuwa amefunga ndoa kanisani mara mbili: mke wa kwanza Nakivale, wa pili Biharwe, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Hakujua Kiingereza, lugha inayoandikwa mahakamani, kwa hiyo alisimamishiwa mkalimani pembeni yake. Chantal alipoinua macho kutoka kwenye karatasi akamwona mkalimani huyo, penseli ilimponyoka. Ni bwana wa kichongeo.

Jina lake Valentin, naye ni mkimbizi wa Nakivale, ila wa upande wa Warundi. Kanuni ya kazi yake ilikuwa ngumu: hasemi "mshtakiwa anasema". Rugamba akinung'unika kwa Kirundi kwamba mke ninaye, Valentin anasimama wima na kutamka kwa Kiingereza kwamba mke ninaye, na uso wake unabeba huzuni ile ile au hasira ile ile. Chantal, aliyezoea nyuso zisizosogea, hakujua amshike wapi mtu huyu. Kila alipodhani amempata, alikuwa ameshakuwa mtu mwingine.

Kesi iliahirishwa, ikaitwa, ikaahirishwa tena. Kwa wiki sita, kila siku ya kesi yeye na Valentin waliimalizia kwenye kibanda cha maziwa karibu na soko, mahali wanapouza maziwa ya moto yaliyoletwa kutoka Bwizibwera.

"Uko na masharubu ya maziwa," Chantal alimwambia siku moja.

"Nichore nayo."

"Nikikuchora utanipa nini?"

"Nitakuachia kichongeo changu. Mpaka leo hujakirudisha, mwizi wewe."

Usiku huo huo simu ikalia. "Sheri, nimekumbuka kitu."

"Sema, mupenzi."

"Nilisahau kukuambia kwamba umependeza."

"Saa tano zimepita, Valentin!"

"Mimi kutafsiri ya wengine ni haraka. Yangu mwenyewe huchelewa."

Chantal alicheka, lakini simu ilipokatika alijikuta anahesabu anachokijua juu yake. Anapenda maziwa. Mama yake anaitwa Émérance. Koti ni la marehemu baba yake. Basi, hapo pakaishia. Mchana kutwa mtu huyu anasema ya watu, jioni anakuwa amechoka kusema. Chantal alimpenda, hilo halikuwa na mjadala moyoni mwake, ila alimpenda kama mtu anayependa nyumba aliyoiona kwa nje.

Ikaja siku ya Rugamba kujitetea. Chantal alichora asubuhi nzima. Jioni akaupiga picha mchoro ule kwa simu, akaandika chini "mushitakiwa na mukalimani", akamtumia Gatete.

Ijumaa hakuamini macho yake. Kwenye gazeti, Rugamba alikuwa amekatwa, limebaki bega tu. Aliyejaa ukurasa ni Valentin, mdomo wazi, tai imenyooka, mpaka nyuzi za kifungo kilichokatika zinaonekana. Na maandishi chini yake: Mume wa wake wawili akijitetea.

"Gatete, umefanya nini?" alipiga kelele kwenye simu.

"Kwani kosa nini? Nafasi ilikuwa ndogo. Nikaacha huyo mwenye uso."

"Ule ni mukalimani!"

"Sasa kwa nini umemchora namna hiyo? Mwenzake umempiga mistari mitatu, kainama, hana pua. Mimi nikaona anayesema ndiye huyu, mdomo wake umefunguka."

Chantal aliutoa mchoro wenyewe kwenye mkoba akautazama. Ni kweli. Rugamba alikuwa mistari mitatu. Mkono wake ulikuwa umemchora mmoja ukamsahau mwingine, naye mwenye mkono hakuwa na habari.

Kabla hajafika nyumbani Nakivale, habari ilikuwa imetangulia. Kaka yake Baudouin, aliyemlea tangu walipokimbia Kivu, alimngoja mlangoni na gazeti limekunjwa kwapani.

"Huyu njo mwanaume ulisema utatuletea? Mwenye bibi mbili?"

"Yaya, kaka yangu, haiko vile. Anatafsiri tu."

"Jirani yetu Térence alikuwa mule ndani, akasikia na masikio yake! Huyo mwanaume anasema niko na bibi Nakivale, niko na bibi Biharwe. Bila kuona haya!"

"Ni kazi yake kusema vile."

Baudouin alikaa chini, sauti ikapungua, na hapo ndipo alipomchoma. "Chantal, dada yangu. Kama kazi yake ni kusema uongo wa bengine bila kutetemeka, wake mwenyewe utaujua namna gani? Umefika kwake? Unajua nani anamupikia?"

Chantal alijua Baudouin amechanganya mambo. Alijua kwa sababu alikuwepo. Na bado swali lile lilimwingia, likakaa. Alilala akimtetea Valentin, akaamka anamshuku, akanywa chai akimtetea tena.

Ijumaa iliyofuata wakakutana kwenye kibanda cha maziwa. Valentin alikuwa amekonda kwa wiki moja tu ile. Karani mkuu alikuwa amemwambia kwamba mashahidi wawili wa kesi nyingine wamekataa kutafsiriwa na "yule wa wake wawili", na kama jina halitasafishwa kabla ya hukumu, mkataba wake hautaongezwa.

"Nisamehe juu ya picha," Chantal alisema.

"Picha nimeisamehe. Mkono wako haukunikosea, nilijiona mzuri." Akajaribu kucheka.

Angenyamaza hapo. Lakini lile swali lilikuwa limeshafika kooni.

"Valentin. Uko na bibi?"

Kikombe kikasimama hewani. "Umesemaje?"

"Niambie tu. Ndiyo ao hapana."

"Chantal, ulikaa hatua tatu kutoka kwangu. Ulinitazama siku nzima."

"Nilikutazama. Lakini sijui nilikuwa natazama nani!"

"Mama yangu ameulizwa kanisani. Mimi nimeulizwa njiani, dukani, kisimani. Wote hao niliwajibu." Akaweka kikombe chini, maziwa yamebaki nusu. "Wewe sitakujibu."

Akaondoka. Simu ya Chantal ililia mara nyingi siku zile, lakini ilikuwa ya Gatete, ya Baudouin, ya mwenye saluni. Ya Valentin ilikuwa imezimwa. Chantal alilia hadharani, sokoni, akichagua nyanya, akasema ni vitunguu, na muuzaji akamkumbusha kwamba hauzi vitunguu. Kukataa kujibu ni ndiyo? Ni hapana? Ni hasira ya mtu asiye na kosa, au ya aliyeshikwa? Alichora uso wa Valentin mara ishirini akitafuta jibu humo, na kila mmoja ulimtazama kivyake.

Siku ya hukumu ilipofika, aliuweka mchoro halisi kwenye mkoba na kichongeo chekundu kwenye kiganja. Jibu hakuwa nalo. Ila alijua jambo moja, kwamba mtu anakaribia kupoteza kazi kwa sababu ya mkono wake, awe na mke au asiwe naye. Baudouin naye alikuja, akaketi benchi la nyuma. "Nataka kumuona na macho yangu," alisema.

Hukumu haijaanza, wakili wa Rugamba akasimama kulalamikia gazeti. Hakimu, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kwenye mnyororo, akaliinua juu. "Aliyechora hii yuko?"

Chantal akasimama.

"Anajua Kiingereza? Hajui. Mkalimani, msaidie."

Mkalimani alikuwa mmoja tu. Valentin akaja kusimama kando yake, koti lake likinusa sabuni, macho yamekazwa ukutani.

Chantal alitoa mchoro wenyewe, akaeleza ulivyokatwa. Angeweza kuishia hapo, amtupie Gatete mzigo wote. Lakini hakimu alivaa miwani, akauinamia ule mchoro kwa muda mrefu.

"Hata humu mshtakiwa hana sura. Huyu mwingine umemhesabia mpaka nyuzi. Kwa nini?"

"Mheshimiwa, kosa ni la macho yangu. Hayakumuona mushitakiwa. Yalikuwa yanaangalia mukalimani tu."

Valentin akatafsiri, neno kwa neno, bila kutetereka.

"Yalikuwa yanamwangalia kwa nini?"

Chantal alikibana kichongeo mpaka kikamuumiza.

"Juu ninamupenda, mheshimiwa. Sijui kama yeye ananipenda. Nilimuuliza neno baya, na sikupashwa kuliuliza. Lakini miye ninamupenda, njo maana picha iliharibika. Yeye hana kosa."

Valentin hakufungua mdomo.

"Mkalimani," hakimu alisema kwa Kiswahili safi, "mimi nimesikia. Hata yule askari wa mlangoni amesikia. Lakini kumbukumbu za mahakama zinataka Kiingereza. Tafsiri."

Na Valentin, aliyetamka uzinzi na wizi na talaka za watu bila kupepesa, akashikwa na kigugumizi. Alianza, akakohoa, akaanza tena. Alisema kwa Kiingereza kwamba ninampenda mkalimani, na jasho likamtiririka mpaka kwenye tai. Watu walicheka mpaka askari akagonga mlango.

"Mheshimiwa," akasema kicheko kilipotulia, "naomba kusema neno langu mwenyewe. Sijawahi kuomba."

"Moja."

"Sina mke. Sijawahi kuwa naye."

"Mahakama haijakuuliza hilo."

"Najua, mheshimiwa. Aliyeniuliza yuko hapa. Nilimkatalia jibu kwa kiburi, na nimelala vibaya siku kumi na moja."

Hakimu alivua miwani, akaifuta polepole kuliko ilivyohitaji. Akaamuru gazeti lichapishe mchoro mzima pamoja na maelezo na kuomba radhi, karani mkuu apate nakala, na watu wakae chini maana kuna mtu anangoja hukumu yake.

Rugamba alipatikana na hatia. Wakati anasomewa, Chantal alimchora: mikunjo ya paji, pua iliyovimba kwa kulia, mikono isiyojua pa kwenda. Alimtazama yeye peke yake, ingawa ilimgharimu nguvu zote.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Valentin aliuchukua mchoro mpya akaugeuzageuza.

"Mimi niko wapi?"

"Wewe huyu hapa."

"Hii mistari mitatu?"

"Mitatu inatosha. Mahakamani sikuchori tena, umeniponza."

"Utanichora wapi, sheri?"

Chantal akamwekea kichongeo kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yake. Bado hakujua vizuri mtu huyu ni nani. Ila safari hii alitaka kukaa naye muda mrefu, mpaka ajue.

"Nyumbani," alisema.

"Nyumbani kwa nani?"

Baudouin alikuwa amesimama mlangoni pa mahakama na gazeti lake kwapani, akijifanya anasoma tangazo la ukutani ambalo lilikuwa la mwaka jana.

"Hiyo," Chantal akasema, "kamuulize yule pale. Na utamuuliza mwenyewe, bila mukalimani."

Valentin akalifunga koti la baba yake kwa vifungo vilivyobaki, akaenda.