Kware Chini ya Sakafu

Vijibini vya mbuzi vilibaki viwili tu, na mikono miwili iliviendea kwa pamoja.

"Samahani dada, nimewahi mimi."

"Umewahi wapi? Nimesimama hapa wewe bado unakoroma!"

"Haya, chukua vyote. Ila uje tuvile pamoja."

Soko la Jumamosi la Vienne lilikuwa limefurika kuanzia ukingo wa mto Rhône hadi kwenye hekalu la kale. Coralie Guillermet, ndani ya koti lake jekundu la mvua, alimtazama mwanamume huyo mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi akashindwa kujizuia kucheka. Alikuwa Thibaut Charvet, fundi seremala. Walikula mkahawani mbele ya nguzo za hekalu, na kufikia kahawa ya pili mambo yalikuwa yameiva.

Coralie alikuwa mtu wa ofisi ya mambo ya kale. Mjini Vienne huwezi kuchimba hata shimo la kupanda waridi bila kugonga Mrumi, kwa hiyo wenyeji wana dawa yao: ukikuta kitu, nyamaza, mwaga zege kabla ofisi haijazuia ujenzi. Thibaut aliyajua hayo, na kazi ya mpenzi wake aliijua pia. Hata hivyo, siku moja ya Juni alimpigia simu akihema.

"Kipenzi, njoo nyumbani. Lakini leo wewe si mtu wa ofisi, sawa? Wewe ni wangu tu."

Alikuwa akitengeneza chumba cha chini ili mama yake, Bi Honorine, aliyeshindwa kupanda ngazi, arudi kutoka kwenye makao ya wazee. Alipong'oa vigae vya zamani, chini yake akatokea kware wa sakafu ya Kirumi, aliyepangwa kwa vijiwe vya rangi, vidogo kama punje za mchele. Miguu yake ilikuwa myekundu, na jicho lake moja jeusi lilimkazia Coralie.

"Jumatatu tunamwaga zege," alisema Mzee Peyrard, jirani aliyekuwa akisaidia kubeba vifusi. "Mama yako ana haraka kuliko ndege huyu."

Jumatatu, gari la zege lilimkuta mlangoni mkaguzi wa mambo ya kale, na kazi ikasimamishwa. Aliyeandika ripoti ni Coralie. Alikusudia kumwambia Thibaut jioni ileile, lakini alipomkuta amekaa juu ya mfuko wa saruji, kichwa mikononi, alikaa kando yake kwanza.

"Ni Peyrard," alisema Thibaut. "Mzee yule hawezi kunyamaza. Alinipakata nikiwa mtoto, leo ananiuza!"

Hapo ndipo Coralie angesema. Akamkumbatia tu.

Tangu siku hiyo Thibaut hakumsalimia tena Mzee Peyrard. Mzee alikana mara moja tu, kisha akaacha. Coralie alipokutana naye njiani alitazama viatu vyake. Jumapili ndizo zilizomtesa zaidi, maana Bi Honorine alimshika mkono pale kitandani kwenye makao ya wazee, akampigapiga kiganja.

"Wewe ndiye binti yangu. Huyo aliyetupeleka serikalini, na aote jipu kwenye ulimi!"

"Mama, acha kulaani watu," Thibaut alicheka.

"Silaani, namwombea jipu tu."

Coralie alicheka nao, na moyoni akajiona mchafu.

Novemba ikafika, na ukungu wake. Jumamosi moja simu ikalia akiwa sokoni.

"Malkia wangu, uko wapi?"

"Kwenye jibini."

"Usiondoke. Hata ukisukumwa, ng'ang'ania!"

Alikuja na koti la sufu la marehemu baba yake, nywele zimelazwa kwa maji, kiboksi kidogo mkononi. Mama muuza jibini akaacha kupima.

"Coralie, sina maneno mazuri. Watu waliniambia, mchunge huyo wa ofisini, ndiye aliyekuchongea. Nikawajibu, kama ni yeye, angeniambia. Ndiyo maana nataka kukuoa."

Wakati huo Mzee Peyrard akapita na kapu la vitunguu. Thibaut akampa mgongo. Mzee akamvulia Coralie kofia, taratibu, bila kinyongo, na macho yake yakasema anajua kila kitu.

"Ni mimi," alisema Coralie.

"Wewe nini?"

"Ripoti niliiandika mimi. Naweza kuijibia, maana kware yule sikuweza kumzika. Lakini mzee wa watu nimemwacha abebe chuki yako miezi mitano kwa sababu nilikuogopa. Hilo sina la kulijibia."

Thibaut akafunga kiboksi. Hakufoka, na afadhali angefoka. Akatia kiboksi mfukoni, akapenya kwenye watu kulifuata kapu la vitunguu.

Coralie alisimama palepale. Soko likavunjwa, meza zikakunjwa, wafagiaji wakampita. Alilia bila kujificha. Mama muuza jibini akamsukumia kipande cha jibini. Simu ikalia alasiri.

"Niko kwa Mzee Peyrard," alisema Thibaut. "Nimempigia magoti. Anasema alikuona na mkaguzi asubuhi ile. Alinyamaza, akidhani utasema mwenyewe kabla ya wiki kuisha."

"Thibaut..."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na pete bado iko mfukoni. Usiniulize itatoka lini. Nimempigia mama pia, nimemweleza. Anataka uende sasa hivi."

"Kunifukuza?"

"Kukutukana. Anasema hawezi kumtukana mkwe kwa simu. Nisubiri hapo hekaluni, nakuja kukuchukua."