Madanzi ya Mwisho

Kila jioni akitoka shuleni, msichana mmoja alibadilisha sare, akafagia ua, kisha akaosha vyombo vya mchana. Bibi yake humuuliza kutoka jikoni, "Umefagia?" Naye hujibu, "Tayari." "Na vyombo?" "Tayari." Mara nyingine ufagio ulikuwa bado umeegemea ukuta pale pale ulipolala. Ndiyo maana nyumbani walimpachika jina la Tayari, naye badala ya kuona haya akalipenda.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mdanzi alioupanda marehemu babu yake. Danzi ni tunda kama chungwa, ila ni chungu. Ukilila hivi hivi utakunja uso mpaka masikio yasogee. Lakini katika sufuria kubwa ya Bibi, pamoja na sukari, madanzi yaligeuka jamu ya kupaka mkate, na watoto wote wa nyumba hiyo walikuzwa nayo. Mwaka huo mti uliugua, shina likaoza, ikabidi ukatwe kabla haujaangukia paa. Bibi aliyachuma madanzi yaliyobaki, akayajaza kwenye beseni.

"Haya ndiyo ya mwisho," alisema. "Tumwekee baba yako mdogo. Akija likizo, ale jamu ya mti wa baba yake."

Walikata maganda kuwa membamba kama njiti za kiberiti. Mbegu Bibi alizifunga katika kitambaa safi na kuzitumbukiza sufuriani pamoja na maganda na maji ya madanzi, kwa kuwa ndizo zinazoifanya jamu igande. Vyote vikalala majini hadi kesho yake, vikachemshwa mpaka maganda yakalainika, ndipo sukari ikatiwa. Nyumba nzima ikanukia.

"Mimi siwezi kuiacha sufuria hii," Bibi alisema huku akikoroga. "Nenda ukachemshe chupa. Zioshe kwa sabuni, halafu uzitie kwenye maji yanayotokota hasa, pamoja na vifuniko. Kisha zipindue zikauke zenyewe. Usizifute."

Tayari alikwenda kwenye jiko la uani. Chupa aliziosha kweli, na maji akayateleka. Lakini nje ya ukuta wenzake walikuwa wakiruka kamba, na mmoja akamwita kwamba zamu yake imefika. Maji yalikuwa bado ya uvuguvugu. Akazichovya chupa humo, akazitoa, akazifuta kwa kitambaa cha vyombo na kuzipanga kwenye sinia. Ziling'aa kama zimechemshwa.

Aliporudi jikoni akihema, Bibi alikuwa amedondosha tone la jamu kwenye sahani ya baridi. Alilisukuma kwa kidole, likajikunja. Jamu ilikuwa imeiva.

"Chupa umezichemsha?"

"Tayari, Bibi."

Siku nyingine Bibi angekwenda kuhakikisha. Siku hiyo jamu ilikuwa ya moto, haingoji mtu, basi akamwamini, akaimimina kwenye chupa zile na kuzifunga.

Baba mdogo alipofika baada ya wiki kadhaa, hakuvua hata viatu. "Mama, nimesafiri na mate mdomoni," alisema. "Iko wapi?" Bibi alicheka, akamkalisha mezani, akafungua chupa kwa mkono wake mwenyewe. Juu ya jamu palikuwa pametanda ukungu wa kijani, wenye manyoya. Akafungua ya pili, ikawa vile vile. Akafungua zote.

"Tukwangue juu, tule ya chini," baba mdogo alisema kwa upole.

"Hapana, mwanangu. Kilichoota ukungu hakiliwi. Sumu yake huingia hata usipoiona." Bibi aliketi na kifuniko mkononi. "Sijui nimekosea wapi. Labda sukari ilikuwa kidogo. Labda niliitoa mapema. Macho haya nayo yameanza kunidanganya."

Tayari alisimama ameshika kisu cha mkate. Alikiweka mezani, akaanza kukusanya vifuniko.

Tangu siku hiyo Bibi alibadilika. Akipika mchuzi, humwita mtu. "Hebu onja chumvi, mimi siku hizi sijiamini." Tayari alionja, na kila mara mchuzi ulikuwa sawa. Alitamani kulirudisha nyuma lile neno lake moja. Mchana mmoja alikikuta kile kitambaa cha mbegu kimeanikwa nyuma ya jiko, mbegu zikiwa bado ndani. Alikifungua haraka, akatia mbegu kwenye udongo kando ya kisiki cha mdanzi, akamwagia maji. Halafu akakumbuka kuwa zilikuwa zimechemka pamoja na maganda. Mbegu zilizochemshwa haziwezi kuota. Alilia akiwa amechuchumaa pale pale kwenye kisiki. Mbegu ndizo zilizochemshwa, na chupa hazikuchemshwa.

Siku ya baba mdogo kuondoka, Bibi alitoa sufuria yake kubwa, imesuguliwa inameremeta. "Mpelekee mkeo," alisema. "Mimi mikono imeshasahau."

"Mama, hii ni sufuria yako."

"Ilikuwa yangu."

Tayari alijitokeza mbele yao. "Bibi, si mikono yako," alisema. "Chupa sikuzichemsha. Nilitaka kwenda kuruka kamba. Nilizifuta tu, nikakwambia tayari."

Bibi aliiweka sufuria chini, akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, kana kwamba imerudi kutoka safari.

"Kwa hiyo jamu yangu ilikuwa nzuri," alisema hatimaye.

"Ilikuwa nzuri, Bibi. Nisamehe."

"Ya jamu nimeshakusamehe. Kilichoniuma ni hiki kingine. Siku zote hizi najiona mzee nisiyefaa, nawe unanitazama na unajua." Tayari aliinamisha kichwa.

Baba mdogo aliishika sufuria, akairudisha mwenyewe juu ya jiko. "Mke wangu ana zake," alisema.

Jumamosi iliyofuata Bibi alinunua malimau na machungwa sokoni, wakakata maganda tena. Kwenye jiko la uani maji yalitokota, chupa zikigongana humo, na Tayari hakubanduka. Wenzake walimwita kutoka nje ya ukuta, wakachoka, wakaendelea na kamba yao. Jamu ilitoka nzuri, ingawa wote wawili walijua si ile. Ya mdanzi haitaonjwa tena katika nyumba hiyo.

"Watu husema majuto ni mjukuu," Bibi alimwambia. "Mimi mjukuu ninaye, na sitaki awe majuto. Kazi ambayo haijaisha, sema haijaisha. Nitangoja. Uongo wa neno moja unaweza kuharibu kazi ya watu wengi, na ukamfanya asiye na kosa ajilaumu."

"Nimesikia, Bibi."

Bibi alichukua upawa, akaelekea kwenye sufuria. "Haya, chupa tayari?"

Msichana alizitazama zile chupa zilizopinduliwa juu ya sinia. Moja ilikuwa bado na tone la maji mdomoni.

"Bado, Bibi," alisema.