Yule Aliyepokea Simu

Foleni ya duka la kuchapisha ilikuwa imefika mlangoni. Mwandishi alisimama katikati na gauni lake la kijani, akisukumwa huku na huku wala asijali. Tangu baba yake afariki, miaka miwili sasa, hakuwa akijali mengi. Kitabu chake cha kwanza kilisomwa hadi kikachakaa mikononi mwa watu. Cha pili kilikuwa vichwa vya sura tu.

"Dada, zimetoka tupu," fundi wa mashine alisema, ameshika karatasi arobaini. Shati lake jeupe lilikuwa na doa la wino begani. "Vichwa vya sura na namba za kurasa tu."

"Ndivyo zilivyo."

"Sasa unachapisha nini, hewa?"

Foleni ikaangua kicheko. Naye akacheka, akajishangaa.

Mapenzi yakaanzia hapo. Fundi akambandika jina la Mama Kurasa, na kila jioni simu ikalia.

"Mama Kurasa wangu, leo umeandika?"

"Kidogo, mpenzi."

Uongo mtupu. Alishinda mezani, vidole juu ya kibodi kama vya mtu mwingine. Haogopi, halii, ganzi tu. Marehemu baba ndiye aliyekuwa msomaji wake wa kwanza, na kila alipoanza sentensi, alisikia kimya chake.

Swali la fundi likageuka mwiba. Akaacha kupokea simu. Siku ya tano kaka yake, aliyekuja kumjulia hali, akaipokea.

"Amelala. Usimsumbue." Akakata.

Fundi hakupiga tena. Wiki ilipopita, mwandishi akapiga mwenyewe.

"Nimeshamsikia mwenye nyumba," fundi alisema. "Kila la heri."

Hakulia. Alichukua kalamu akaandika: *Yule ni kaka yangu.* Hilo lingetosha, lakini mkono haukusimama. *Nilikudanganya. Sijaandika neno.* Kisha ndala za baba chini ya kitanda cha hospitali, na yeye nje koridoni, akisahihisha sura ya mwisho ya kitabu cha kwanza huku baba akikata roho. Kurasa sita.

Akazipeleka dukani. Fundi alizisoma wima, wateja wakipiga kelele.

"Ulikuwa koridoni?" aliuliza taratibu.

"Nikihangaika na nukta."

Fundi alizunguka kaunta, akamshika mkono mbele ya watu.

"Sitakuuliza tena kama umeandika. Nitakuuliza kama umekula. Na huyo kaka yako, nije kumwona lini?"

"Unataka kumpiga?"

"Nataka kumposa dada yake."

"Fundi, posa baadaye, karatasi zangu kwanza!" mteja alifoka.

Mwandishi akajipekua moyoni akitafuta furaha. Hakuiona. Aliona tu kwamba hataki ule mkono umwachie.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Ila furaha yangu bado haijafika, nisikudanganye tena."

"Isiharakishwe," fundi alijibu. "Itatukuta nyumbani."